Leo Mama Mkwe Ameniona

Ijumaa jioni, Kilakala, Morogoro mjini. Mvua imekatika mchana, jua limetoka, na milima yote imejianika mbele yetu kama nguo iliyofuliwa.

Shajara yangu, nina furaha. Sijui nianzie wapi, maana kila nikishika kalamu nacheka peke yangu. Watoto wa nyumba hii tuliyofikia wanachungulia mlangoni kumtazama mwalimu mgeni anayecheka na karatasi.

Nitaanza na lililo kubwa. Leo mama mkwe wangu ameniona.

Tumeishi nyumba moja tangu niolewe na Anselmi, na hakuwahi kuniona hata mara moja. Nilipoingia nyumba ile macho yake yalikuwa yameshafunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili, meupe kama tui. Alinijua kwa sauti, kwa hatua, na kwa chumvi ninayotia kwenye mboga, ambayo anasema ni nyingi. Mimi ni Mnyakyusa wa Rungwe, nililetwa na serikali kufundisha shule ya kijiji chetu cha ujamaa, mbele kidogo ya Mlali. Yeye ni Mluguru wa kule juu milimani. Waliteremshwa chini na operesheni ya kuhamia vijijini wakati mimi sijafika bado, na wakati huo alikuwa haoni tena. Anselmi ndiye aliyemshika mkono njia nzima ya mteremko.

Fikiria jambo hilo, maana mimi mwenyewe nilichelewa sana kulifikiria. Mama anaishi katika kijiji ambacho hajawahi kukiona.

Mwanzoni hatukuwa na la kuzungumza. Asubuhi "Shikamoo Mama," "Marahaba mwalimu," basi. Aliniita mwalimu, si mwanangu, wala si jina langu Atupele. Anselmi akienda kwenye duka la ushirika anakofanya kazi, nami nikirudi kutoka shuleni, tulibaki wawili barazani: yeye akipukuchua maharage kwa kupapasa, mimi nikisahihisha madaftari. Nilikuwa mpweke kiasi cha kuongea na kuku.

Siku moja akaniuliza, "Wewe si mwalimu? Kitabu chako kile cha dini unakifanyia nini sandukuni?"

Nikamwambia nakisoma siku ambazo sijachoka.

"Basi nisomee. Kanisani Padri anasoma upesi, anakimbilia mahubiri. Nataka kusikia taratibu."

Mama ni Mkatoliki, mimi ni Mmoraviani. Alitaka kwanza kuhakikisha kuwa kitabu changu hakijapunguzwa, maana katekista aliwahi kumwambia kuwa sisi wenzao tunapunguza. Nikamwambia tuanze mwanzo kabisa, huko hakuna aliyepunguza kitu. Akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka.

Nakiri hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka: mwanzoni nilisoma kama ninayetoa imla. Sauti ya darasani, nukta nasimama, mkato napumua. Moyo wangu ulikuwa kwenye uji wa jioni. Nilidhani ninamfanyia mama mzee hisani.

Lakini Mama hakusikiliza kama mtu anayesikiliza dini. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za majirani.

Tulipofika kwa Ibrahimu kuambiwa aondoke kwao, aende nchi atakayoonyeshwa, mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Hakuuliza ni wapi?"

"Hakuuliza, Mama."

"Na mkewe aliulizwa?"

Nikatazama mstari wa juu na wa chini. "Haijaandikwa."

"Ehe," akasema, akaendelea kupukuchua. "Haiandikwi."

Nilibaki na kidole changu juu ya ukurasa. Habari hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na sijawahi kumfikiria mke wa Ibrahimu akifunga vyungu vyake. Siku hiyo nilimwona. Nilimwona anafunga, anafungua, anafunga tena. Nami nilikuja huku kwa gari la serikali na sanduku moja, na siku ya kuondoka hakuna aliyeniuliza. Niliandikiwa kituo cha kazi, nikaenda. Nilikuwa nimejiambia kwamba sikuumia. Niliposoma habari za mwanamke ambaye hata hajasemwa, ndipo nikajua kuwa niliumia.

Tangu siku hiyo nikaacha kusoma kwa sauti ya imla.

Shajara, sijui wataalamu wa dini wanasemaje. Mimi nasema nilivyoona. Maandiko tuliyasoma kuhusu watu wa kale, na kila jioni mmoja wao akaingia ndani yangu na taa, akaimulika pembe ambayo sijaifagia. Kuna siku nilifunga kitabu haraka kama mtu aliyefumaniwa. Na Mama, kwa kuwa haoni, akawa anasikia yote.

Tulipofika jangwani, pale watu walipoanza kulia kwa sababu ya matango na vitunguu walivyoacha Misri, Mama alicheka mpaka maharage yakamwagika.

"Hao ni watu wa hapa hapa! Mtu ametoka utumwani, analilia tango! Ni Mzee Kaspari huyo, kila kikao cha kijiji anauliza habari za mananasi yake ya kule juu."

Tukacheka wote wawili. Kisha akapapasa kuyakusanya maharage, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mimi nakosa maji ya kule juu. Yalikuwa baridi mpaka meno yanauma."

Basi. Lakini nilijua nimepewa kitu, nikakipokea kwa mikono miwili.

Na mimi ikafika zamu yangu. Ilikuwa habari za Hana, yule mwanamke asiyepata mtoto, anayeomba hekaluni midomo ikicheza bila sauti mpaka kuhani anadhani amelewa. Nilijua inakuja. Ningeweza kuruka ukurasa, naye asingejua. Sikuruka. Nilifika pale pa midomo kucheza, na yangu ikagoma.

"Rudia hapo," Mama akasema. Alidhani nimekosea.

Sikuweza kurudia.

Alinyoosha mkono hewani, akalitafuta goti langu mpaka akalipata. "Kumbe," akasema. "Mimi nilikaa muda kabla ya Anselmi. Walinisema mpaka nikajifunza kunyamaza kama jiwe. Sikukuuliza, kwa sababu nilidhani ninyi watu wa shule hamtaki watoto upesi."

"Tunataka, Mama."

"Basi tutataka wote. Soma, mwanangu."

Mwanangu.

Nikasoma, nikilia, kwa sauti, mpaka mwisho wa sura. Sijapata mtoto mpaka leo ninapoandika, wala siandiki haya kwa sababu nimepata. Naandika kwa sababu tangu jioni ile silali tena nikiwa nimeukunja uso ukutani. Kitu kilichokuwa na jiwe juu yake sasa kina mlango. Kama hilo si tumaini, basi sijui tumaini ni nini.

Sasa habari za macho.

Mganga wa zahanati yetu alituambia kuwa daktari wa macho atakuja hospitali ya mjini, na kwamba mtoto wa jicho anatolewa, mtu anaona. Anselmi alifurahi mpaka akasahau kufunga duka. Mama akasema hapana.

Tulimbembeleza. Mimi nikafanya ujanja wa kimwalimu: jioni nikamchagulia habari za yule kipofu aliyepakwa tope machoni, akaambiwa akanawe, akarudi anaona. Nilisoma kwa madaha yote.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Huyo alipakwa tope," akasema. "Akanawa. Umesikia mahali popote ameletewa kisu?"

Nilishindwa. Hata Anselmi alicheka, ingawa alikuwa na huzuni.

Mwishowe alikubali kwa ajili ya mwanawe, si kwa ajili ya macho. Alisema, "Huyu atakonda bure." Tukaja naye mjini, akalazwa, nami nikaomba ruhusa shuleni nikae naye. Anselmi akarudi kijijini kwenye duka lake. Kitanda cha jirani alikuwa Bi Mwanaidi wa Turiani, mama wa Kiislamu, mnene, mwenye maneno mengi na kicheko kama mvua ya mabati. Naye macho yote mawili yalikuwa meupe, naye alikuwa anasubiri kisu kilekile. Hawakuonana, lakini kufika mchana walikuwa wameshagombana juu ya namna ya kupika mlenda, na kufika alasiri walikuwa mashoga.

Mchana wa kuamkia siku ya kisu, Mama akanivuta kanga.

"Nirudishe nyumbani."

Nikasema, Mama, tumeshafika, daktari yupo, ni kesho asubuhi tu. Nikasema haiumi. Nikasema mengi. Alingoja nimalize.

"Sikiliza, mwanangu. Nikiwa hivi, nipo kwetu. Naiona migomba ya mama yangu, naliona jiwe la kusagia, naiona njia ya mtoni na mahali inapoteleza. Nikiamka usingizini nipo kule. Nyie mkiniambia tupo chini, naitikia tu. Walipotuhamisha, walihamisha miguu. Sasa wakinifungua macho, watanihamisha mara ya pili."

Shajara, mimi ni mwalimu. Nina jibu la kila kitu, na yale niliyokuwa nayo si ya uongo. Ningeweza kumwambia kijiji kina bomba la maji, kina zahanati, kina shule ambayo watoto wa kule juu walikuwa hawaioni. Wanafunzi wangu wanaimba nyimbo za kijiji kila asubuhi, mimi ndiye niliyewafundisha. Lakini nilielewa kwa mara ya kwanza kuwa ardhi ile ya juu ni ya ukoo wa mama zake, imetoka kwa mama kwenda kwa binti tangu zamani, na yeye hakuwahi kuiaga kwa macho.

Sikuwa na la kufanya ila lile tulilozoea. Nikatoa kitabu. Nikasoma kuanzia tulipokuwa tumeachia siku zile za nyuma, maana tulikuwa tumerudi mwanzo kwa ombi lake: Yakobo aliyezeeka, aliyeambiwa kuwa Yusufu wake ameliwa na mnyama mkali.

"Yakubu na Yusufu!" Bi Mwanaidi akadakia kutoka kitandani kwake. "Hao ni wetu hao."

"Ni wetu," akasema Mama.

"Haya, ni wetu sote. Soma, mwalimu, tusikie kama kwenu wamelisema la kanzu."

Nikamuuliza kanzu ipi. Ile ya rangi iliyotiwa damu?

"Siyo hiyo! Ile ya mwisho. Yakubu si alilia mpaka macho yakawa meupe? Meupe, kama haya yetu! Akawa haoni. Sasa Yusufu kule Misri, alipojitambulisha kwa ndugu zake, akavua kanzu yake, akasema mpelekeeni baba, mwekeeni usoni. Wakati msafara unaondoka tu, mzee yuko mbali huko, akasema: nasikia harufu ya Yusufu. Wakamwona amechanganyikiwa. Kanzu ikaja, wakamwekea usoni. Akaona."

Hata muuguzi alisimama na beseni lake.

"Mwanangu," Mama akasema, "tafuta hapo. Lipo?"

Nikafunua mbele na nyuma, nikiwa na haraka kama mtu aliyepoteza funguo. Halikuwapo. Kwetu imeandikwa kuwa macho ya mzee yalikuwa mazito kwa uzee, na kwamba alipoambiwa mwanawe yu hai moyo wake ulizimia, kisha ukafufuka. La kanzu halimo.

"Kwetu halimo, Mama."

"Wamepunguza," akasema Mama, na Bi Mwanaidi akacheka mpaka kitanda kikalia.

Lakini Mama hakucheka. Alikuwa amegeuza uso upande wa sauti ya Bi Mwanaidi. "Na alipoona, alifanya nini?"

"Alikwenda Misri. Na watu wake wote."

"Kwenu pia alikwenda?" akaniuliza mimi.

"Kwetu pia alikwenda, Mama. Walimpandisha kwenye gari la kukokotwa."

"Mzee yule."

"Mzee yule."

"Akaacha kwao."

"Akaacha. Alimtaka mwanawe."

Mikono yake ilianza kukunjakunja pindo la shuka, ikitafuta maharage ambayo hayakuwapo. Nilijua hasikilizi tena habari za Misri. Yuko ndani yake mwenyewe, anazunguka nyumba yake ya kule juu, chumba kwa chumba.

"Basi kesho wanitoe huyo mtoto wa jicho," akasema.

Walitolewa mtoto wa jicho wote wawili, asubuhi moja. Baadaye wakafungwa bandeji na kukatazwa kutikisa kichwa, kuinama, kukohoa wala kucheka. Wawili wale, wasicheke! Mama akaniamuru nisisome kitu chochote chenye mtu mjinga ndani yake. Nikamwambia kwa masharti hayo kitabu kitaisha upesi, na Bi Mwanaidi akaomba apelekwe wodi nyingine kabla hajapasuka.

Leo asubuhi daktari akaja kufungua. Ni kijana, mpole, anaongea kama anayenong'ona na mtoto aliyelala. Akatueleza kuwa wakifunguliwa wataona ukungu tu mpaka wavae miwani, na kwamba miwani ya kujaribia ni moja kwa wodi nzima. Akaitoa mfukoni. Vioo vyake ni vinene kama kitako cha chupa ya soda.

Alianza na Mama. Bandeji ikafunguliwa mzunguko baada ya mzunguko. Macho yakatokea, yametota, mekundu, na katikati meusi. Meusi! Sikuwahi kujua kuwa Mama ana macho meusi.

Daktari akamvisha miwani.

Hakuangalia mtu. Aliangalia chini, mapajani mwake, akainua mikono yake miwili taratibu, akaigeuza.

"Nani ameniwekea mikono ya mama yangu?" akasema.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kulia. Mara ya mwisho kuiona mikono yake haikuwa na makunyanzi.

Kisha akainua uso. Akapita kwa daktari, akapita kwa muuguzi, akafika kwangu, akasimama hapo. Shajara, nimesimama mbele ya mkaguzi wa shule, nimesimama mbele ya altare siku ya ndoa yangu. Sijawahi kuogopa kutazamwa kama leo. Nilitamani ningevaa lile gauni la buluu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea.

"Ndiye wewe?"

"Ndimi, Mama."

"Mbona mfupi hivi? Sauti yako ni ya mtu mrefu."

Wodi ililipuka. Daktari mpole alicheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka, alikuwa na kazi. Alinishika kidevu, akanigeuza upande huu na upande huu kama anayenunua, akasema, "Una kovu kwenye nyusi, Anselmi hakuniambia. Na umekonda. Hilo nalo hakuniambia." Kisha kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu: "Kumbe uso wako ni wa huruma. Sauti ilikuwa imeniambia."

Nikamsawazishia miwani puani.

"Nami zamu yangu!" Bi Mwanaidi alikuwa anapiga kelele. "Leteni hiyo miwani nimtazame huyu mkorofi wa Mlali!"

Alifunguliwa, akavishwa. Akamtazama Mama kwa utulivu wa ajabu, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe ni kazee kadogo hivi, na maneno yote yale." Mama akadai miwani arudishiwe ili naye amwone anayemtukana. Ikawa hivyo, miwani ikienda na kurudi kati ya vitanda viwili. Marafiki hawa wapya hawakuweza kuonana kwa wakati mmoja. Mmoja akiona, mwenzake yumo kwenye ukungu anangoja, anauliza, "Unaona nini? Unaona nini?"

Mchana muuguzi akaja na sanduku la miwani ya msaada, kila mmoja akapata ya kwake. Ya Mama ina fremu nyeusi ya kiume, imefungwa uzi upande mmoja. Amependeza vibaya sana.

Ndipo nikamtoa barazani.

Nilikuwa nimejua kitambo kuwa saa hiyo itafika. Hospitali inatazama milima. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo, mawingu yakawa yanajivuta juu kama mtu anayepandisha shuka, na Uluguru yote ikatoka, ya kijani na ya buluu, na maporomoko meupe yakining'inia kwenye mawe. Nikamshika kiwiko. Nikawaza: nimemleta mwenyewe mpaka hapa, sasa itakuwaje?

Alitazama. Alitazama kwa muda ambao wagonjwa wawili walipita, na mtu wa chakula akapita na sufuria. Midomo yake ilikuwa inacheza, bila sauti. Sikumuuliza anasema nini, na nani. Machozi yalishuka chini ya vile vioo vinene, akayaacha.

"Bado ipo," akasema mwishowe. "Nilidhani ipo kichwani mwangu tu."

"Ipo, Mama."

"Basi nimeiaga." Akajifuta kwa pindo la kanga, akageuza mwili mzima, taratibu kama alivyoelekezwa, akaipa milima mgongo. "Na kwetu ni upande gani?"

Mimi, mwalimu, nikaonyesha kulekule milimani.

"Si huko. Huko nakujua. Kwetu, kwenye nyumba. Anakotusubiri Anselmi."

Nikaonyesha upande wa barabara ya Mlali. Kwa kweli upande ule hakukuwa na cha kuona. Kulikuwa na ukuta wa jiko la hospitali, na mwanamke anaanika mashuka. Mama akakaza macho yake mapya kwenye ukuta ule wa moshi kama mtu anayeangalia nchi.

"Haya," akasema.

Daktari amemruhusu. Usiku huu tunalala hapa Kilakala kwa mama mdogo wa Anselmi, kesho tunapanda gari. Nina hofu na ninaitaka kesho ifike, vyote kwa pamoja. Ataiona nyumba ambayo ameishi ndani yake bila kuiona. Ataona kuwa ukuta wa nyuma umepasuka na kwamba migomba niliyopanda ni miembamba kama mimi. Huenda akakasirika. Akikasirika, atakasirika akiwa anaona, na atasema, na nitamsikia.

Lakini nilichotaka kuandika hasa kimetokea hivi punde, ndiyo maana nilikimbilia kalamu.

Baada ya chai nilitoa kitabu kama kawaida. Nikauliza tusome nini leo. Mama akasema, "Leo usisome. Leo nionyeshe."

Nikamfungulia. Akakiinua kitabu mpaka ukurasa ukakaribia kugusa pua, akaona mistari ile myembamba, mingi, imejipanga. Mama hajui kusoma. Kijijini tuna kisomo cha watu wazima, yeye alikuwa anasema kisomo ni cha wenye macho.

"Jina la Yakobo liko wapi?"

Nikamshika kidole chake cha shahada, nikakiweka chini ya jina. Kidole kilikuwa kikubwa kuliko neno lenyewe, ilibidi akivute nyuma ili alione.

"Ni dogo hivi?"

"Ni dogo hivi, Mama."

"Na mzee yule wote yumo humu, na kilio chake, na gari lake?"

"Yumo."

Akaangalia sana. Kisha akanitazama mimi juu ya zile fremu za kiume, na nikaona usoni mwake kitu ninachokijua, maana nakiona kila mwaka kwa mtoto mmoja au wawili wa darasa la kwanza, na ndicho kinachonifanya niipende kazi hii.

"Hii ya kwanza inaitwaje?" akauliza, kidole kikiwa mwanzoni mwa jina.

"Ya, Mama."

"Ya," akasema. Akasogeza kidole.

Bado yuko hapo nje barazani wakati naandika, anatafuta mwenyewe mahali pengine jina hilo lilipo, na akilipata anaita kwa sauti, na watoto wa nyumba hii wanampigia makofi. Ameshalipata tena na tena. Mara moja alikosea, akaniletea jina la Yoshua, nikamwambia yuko karibu.

Nami nimekaa na kalamu yangu, najiuliza: siku atakapofika mwenyewe kwa mke wa Ibrahimu, nani atakuwa anamsomea mwenzake?